Maji Yaliyovuka Mlima kwa Ndani

Watu wengi niliowafanyia kazi wanaamini kwamba chini ya miguu yao unapita mto. Wananiuliza huo mto uko mbali kiasi gani, na tukichimba tutaufikia lini. Nawajibu kwamba hakuna mto. Kuna mwamba, na mwamba wenyewe ukiuvunja katikati ni mkavu kama unga wa muhogo. Ila mwamba umepasuka. Una nyufa, nyingine hazipitishi hata ukucha, nyingine zinameza mkono mzima, na maji ya mvua yanajua njia humo kuliko mimi ninavyojua njia ya soko. Nikishaanza habari hii ni vigumu kunikatiza. Marehemu mume wangu alikuwa anachukua sahani yake na kwenda kumalizia kula uani.

Nimejengea chemchemi kuta na mabomba kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, hapa Butembo, chini kule Beni, na mara kadhaa Lubero kwenye baridi. Kazi hiyo sikuisomea darasani. Niliipata kwa siku moja, nikiwa na miaka kumi na sita, wakati wa waasi, kwa kuramba jiwe. Hadi leo nikiikumbuka siku ile moyo unanienda mbio. Kuna sehemu yake pia inayoniuma, na furaha na maumivu hayo sijawahi kuvitenganisha.

Tuliishi upande wa Bulengera, kwenye mteremko mkali wa udongo mwekundu, na chini ya mteremko kulikuwa na chemchemi yetu. Maji yalitoka chini ya jiwe, yakapokelewa na ganda la mgomba lililokunjwa kuwa mfereji, yakaanguka ndani ya ndoo. Kila Jumamosi nyumba moja ilikuwa na zamu ya kusafisha pale na kubadilisha ganda. Msimamizi alikuwa mzee tuliyemwita kapita, kwa sababu wakati wa Wabelgiji alisimamia watu waliokata barabara mlimani. Kazi ilikwisha, Wabelgiji waliondoka, sauti ya kukemea ikabaki. Uhuru ulipokuja, miaka michache kabla ya haya ninayosimulia, yeye ndiye aliyetuahidi kwamba sasa kila mlango utapata robine yake ya maji. Tulizichezea ngoma zile robine. Wajukuu wangu bado wanabeba maji kwa bidoni.

Juu kidogo ya chemchemi, nyumba ya kwanza kabisa, alipanga mama mmoja Mwislamu kutoka Beni. Mume wake alikuwa msafirishaji mwenye lori lake. Vita ilipofunga barabara, lori na mwenye lori walikuwa upande wa Mavivi, karibu na Beni, na mama huyo alikuwa kwetu na watoto watatu. Alikaanga mandazi, akayauza mlangoni. Watu walimpenda kadiri mgeni anavyopendwa: walikula mandazi yake, na wakachunguza ni mara ngapi kwa siku anatawadha, na maji yake anayamwaga wapi.

Baba yangu alikuwa mkulima wa kenkina. Ni mti ambao gome lake, likifika kiwandani, linatengenezwa kinini, dawa ya malaria. Huku kwetu juu, kwenye baridi, mti huo unastawi na malaria ni chache. Kule chini Beni malaria ni tele na mti haupendi kuota. Mungu ana mambo yake. Wakati wa kuvuna unaung'oa mti, unaugonga kwa nyundo ya mbao mpaka gome liachie, unalichuna, unalianika kwenye mikeka mpaka lijikunje. Baba alikuwa na magunia matatu makubwa, makavu kabisa, na magunia hayo yalikuwa na kazi moja tu, kunirudisha shuleni. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kwa masista wa Lubero nitoke mwalimu, wa kwanza katika ukoo wetu, tena msichana. Waasi walipokaribia masista walifunga shule, nikarudi nyumbani kwa miguu, sanduku kichwani. Baba alinionyesha magunia yale akaniambia barabara ikifunguka tu, hayo ndiyo yatakayonirudisha.

Lakini wenye silaha, wa upande wowote ule, walikuwa wanachukua chochote walichokiona. Jumapili moja mwishoni mwa kiangazi, siku ya misa ndefu ya sikukuu, baba alisema mguu unamuuma, akabaki nyumbani. Tuliporudi magunia hayakuwepo. Alituambia amepata watu wa kuyapeleka Lubero kwa rafiki yake. Mama alimwangalia mguu, akamwangalia usoni, hakuuliza. Ukweli aliujua baba peke yake: alikuwa ameyapandisha mlima mgongoni, gunia moja moja, akayaingiza ndani ya ufa wa mwamba upande wa pili na kuyafunika kwa majani ya migomba.

Hakuwa mjinga. Alipapasa lile jiwe akalikuta kavu. Na hata mvua ikinyesha, alijiambia, maji ya upande ule yanakwenda kwenye mto wa upande ule. Kila mtu wa kwetu alifikiri hivyo, mimi nikiwa mmojawao. Tuliamini kwamba mgongo wa mlima unagawa maji kama paa la nyumba, ya huku yanashukia huku na ya kule yanashukia kule.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku mbili bila kupumzika. Asubuhi ya siku ya tatu mtu wa kwanza kunywa pale chemchemini alitema. Kapita akaitwa. Alionja, naye akatema, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati.

"Hii maji iko muchungu," akasema. "Kuko kitu ndani."

Jirani yetu wa Beni alikinga kiganja, akaonja, akatulia, akaonja tena.

"Hii ni kinini," alisema. "Kule Beni tunakunywa kila mara juu ya homa. Mimi ninaijua."

Alisema kwa nia njema kabisa, kama mtu anayesaidia. Kapita alimgeukia polepole.

"Batu bote hapa hapana jua hii kitu," alisema. "Wewe peke yako unajua jina yake."

Sikuweza kuvumilia. Niliingiza mkono, nikaonja, na ulimi ukanikumbusha vidonge ambavyo masista walikuwa wanatumezesha tukipata homa. Nikasema kwa sauti kwamba ni kweli, ni kinini, hata mimi ninaijua. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu na bakuli mkononi. Alikuwa ameyanywa maji yale mpaka chini na hakutema, na watu walikuwa wanamsifu kwa ugumu wake. Aliniambia nirudi nyumbani nikachanje kuni. Nilichanja kuni kwa hasira, na nilipomaliza maneno yalikuwa yameshafika kila ua: maji yanateremka, na aliye juu ya maji ni nani?

Usicheke. Mpaka hivi leo nafika mahali kujenga chemchemi na kitu cha kwanza wanachonionyesha ni nyumba iliyo juu yake. Mara nyingine wana haki, choo kikiwa karibu ni hatari. Lakini mara nyingi sana maji hayajawahi kupita chini ya nyumba ile. Yametoka kwingine kabisa, na mwenye nyumba amenuniwa bure.

Kununiwa wakati wa amani ni jambo la kuvumilika. Wakati ule ilikuwa kitu kingine. Waasi walikuwa na kambi mjini, na maji yalikuwa na nafasi kubwa katika imani yao. Walinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwaingie. Neno kwamba kuna mwanamke ameharibu maji likifika kwao, hakuna ambaye angeuliza mara mbili. Tulilijua hilo sote, na kapita alilijua kuliko sote. Siku zilipita, maji yakabaki machungu, minong'ono ikaongezeka. Siku ya tisa kapita alitangaza kwamba alasiri watu wakutane chemchemini, na jirani yetu aambiwe afunge mizigo yake arudi Beni na watoto wake kabla mambo hayajafika mjini. Kwenye barabara ya Beni zilikuwa zinasikika bunduki. Mtoto wake mdogo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kapita hakuwa mtu mbaya, alidhani anamwokoa.

Mimi nina hasira za karibu. Niliposikia hayo nilitupa jembe shambani, nikaondoka bila kumuaga mama. Nilikuwa na wazo moja tu. Kama uchungu ulitoka nyumbani kwa jirani, ulipaswa kuwa kwenye chemchemi yetu peke yake, kwa sababu yetu ndiyo iliyo chini ya mlango wake. Basi nikaanza kuzionja chemchemi zote za mteremko ule, moja baada ya nyingine, nikiwa nimechuna jani la gimbi la kunywea.

Ya kwanza, upande wa kushoto, tamu. Ya pili, jirani kabisa na yetu, ungeweza kurusha jiwe kutoka moja hadi nyingine, tamu. Hilo lilinisimamisha. Zilikuwa karibu hivyo, mteremko mmoja, mvua moja, na hii haina habari na ile. Nikaenda ya tatu, tamu pia. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa nilipokumbuka kimaji kidogo kilichokuwa kinachuruzika nyuma ya mikaratusi, juu kushoto, mbali na nyumba yoyote, ambako wachunga mbuzi walikuwa wananawa miguu. Nilikwenda kule nikihema. Nilikinga jani, nikanywa.

Kilikuwa kichungu kuliko maji ya kwetu. Niliruka pale pale peke yangu. Niliruka na kupiga makofi, na kama kuna mtu aliniona lazima alidhani nimerukwa na akili. Hakuna nyumba juu ya kile kimaji. Hakuna mwanamke wa Beni, hakuna mandazi, hakuna birika la kutawadhia.

Kisha nikageuka nikatazama chini kwenye chemchemi yetu, nikatazama tena pale nilipo, na nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekipita maisha yangu yote. Kati ya sehemu hizo mbili majani yalikuwa ya kijani zaidi, katika ukanda mwembamba ulionyooka. Pembeni nyasi zilikuwa bado na rangi ya kiangazi. Ukanda haukufuata mteremko, ulikata mteremko kwa mshazari, na ukiunyoosha kwa macho kwenda juu, ulifika pale ambapo kapita na watu wake walikuwa wameukata mlima kupitisha barabara.

Nilipanda mbio. Pale barabarani ukuta wa mwamba ulikuwa wazi, mrefu kuliko nyumba, na nilisimama mbele yake kama ninausoma. Ulikuwa mkavu. Siku tisa za mvua za kila alasiri, na lile jiwe halikuwa na unyevu hata wa kupaka kidole. Ila nyufa. Mwamba wote ulikuwa umekatwakatwa kwa nyufa zilizolala upande mmoja, kama mbao zilizoegemezwa ukutani, na nyingi ya nyufa hizo pia zilikuwa kavu. Moja tu, iliyokuwa na mstari wa jiwe jeupe pembeni yake, ilikuwa inalia maji, tone kwa tone. Niliweka ulimi juu ya jiwe nikaramba.

Kinini. Kinini tupu.

Sijui niwaelezeje nilivyojisikia. Nimezaa watoto watano na sijawahi kutetemeka vile. Nilielewa yote kwa mkupuo. Maji hayapiti ndani ya jiwe, yanapita ndani ya nyufa, na si kila ufa, ni ufa uliofunguka na kuungana na mwingine uliofunguka. Ndiyo maana chemchemi mbili jirani zinaweza kuwa hazijuani: kila moja ina ufa wake. Na ule ufa wangu, nilipoutazama vizuri, haukulala kufuata mteremko wetu. Ulilala kwa upole zaidi. Kadiri ulivyopanda ndivyo ulivyozidi kuingia mlimani, ukielekea upande wa pili. Maana yake maji yale yaliingilia ng'ambo. Yalivuka mlima kwa ndani, chini ya mgongo wake, wakati sisi wote tunaapa kwamba maji hayavuki mlima.

Na ng'ambo kulikuwa na nini? Kulikuwa na shamba la kenkina la mzungu mmoja aliyeondoka mwaka wa uhuru na hakurudi. Kila mtu alijua kwamba aliacha marundo ya magome yanaozea kule. Nilicheka kwa sauti. Mwenye kosa alikuwa Ulaya, hakuna ambaye angeumia. Ndivyo nilivyowaza, ninaapa.

Nilifika chemchemini watu wameshajaa. Jirani yetu alikuwa amesimama katikati, mtoto mgongoni, na kapita alikuwa ameanza hotuba. Nilipasua katikati yao nikiwa na matope mpaka magotini.

"Hii maji hapana toka kwake," nilisema. "Inatoka ngambo ya mulima. Mukuje, nitabaonyesha."

"Mutoto, tuko na kazi hapa," kapita alisema.

"Kazi yenu iko kule ku barabara yako mwenyewe, muzee. Kuja uonje."

Labda ni kutajiwa barabara yake kulikomtikisa. Walinifuata, wanaume, wanawake, jirani yetu na watoto wake, baba na mama. Niliwaonjesha kile kimaji cha nyuma ya mikaratusi, niliwaonyesha ukanda wa majani, nikawapandisha hadi kwenye ukuta. Kapita alikataa kuramba jiwe. Mke wake aliramba, akakunja uso, akamwambia na yeye arambe, naye akaramba. Alisimama mbele ya mwamba ambao yeye mwenyewe aliupasua kwa moto na maji, akiwa na watu mia, na hakuwahi kuutazama hivyo.

"Huyu mama hapana panda mpaka hapa kumwanga kitu," mke wa kapita alisema hatimaye, na akamshika jirani yetu mkono.

Hapo baba alinisogelea. Nakumbuka sauti yake vizuri, ilikuwa ya chini kabisa.

"Inatosha, mwana," alisema. "Bote bameona. Turudi nyumba."

Alikuwa na haki. Kazi ilikuwa imekwisha. Mwanamke alikuwa ameshikwa mkono, watu walikuwa wanatazama chini kwa aibu, ungeweza kuisikia ile habari ya kumfukuza ikifa. Lakini nilikuwa nimewaka. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita na nilikuwa nimeuona mlima kwa ndani, na kapita alikuwa ameuliza, sasa huo uchungu unaanzia wapi hasa? Nilimwambia baba, bado kidogo tu. Nikaelekeza mkono wangu kwa mshazari wa ule ufa, nikafunga jicho moja, nikapanda.

Tulivuka mgongo wa mlima. Upande wa pili nilishuka nikitafuta lile jiwe jeupe, na nililipata, likitokeza kwenye nyasi hapa na pale katika mstari mmoja. Nilikuwa naongea bila kukoma, nikieleza, nikigeuka nyuma kuhakikisha wananisikia. Marundo ya mzungu yalikuwa mbali chini, upande mwingine. Mstari wangu haukuelekea kule. Uliishia kwenye mwamba mkubwa uliopasuka katikati, na mdomo wa ufa ulikuwa umefunikwa kwa majani ya migomba yaliyooza. Hakuna mgomba unaoota pale juu.

Kapita aliyaondoa majani kwa fimbo yake. Kisha akapiga magoti, akaingiza mikono, akavuta. Gunia lilitoka likitiririka maji ya rangi ya chai nzito. Lilikuwa limefungwa kwa kamba ya mgomba, mizunguko mitatu na fundo la kushoto, kwa sababu baba yangu alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Nilikuwa nimeyafungua mafundo ya namna ile tangu utoto wangu, kwenye maharagwe, kwenye viazi, kwenye lile sanduku langu la shule.

Niliushusha mkono niliokuwa naelekezea. Watu walikuwa wanatazamana, na kapita alikuwa ameshafungua mdomo kuuliza.

"Ni yangu," baba alisema. Hakungoja aulizwe. "Yote tatu. Nilificha juu ya masomo ya mutoto."

 Jirani yetu wa Beni alimweka mtoto vizuri mgongoni, akapita katikati ya watu mpaka akasimama mbele yake.

"Siku ya kwanza ulikunywa bakuli mzima, muzee," alisema. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku tisa. Neno moja tu ungesema."

"Ningesema, mutoto wangu angekosa masomo."

"Na mimi niko na watatu," alisema. Hakupandisha sauti. Akageuka, akashuka mlima peke yake, na sisi tukabaki pale na magunia yanayochuruzika.

Kapita alifanya kitu ambacho nimemheshimu kwacho tangu siku ile. Aliwaambia watu wote kwamba habari hii imeishia kwenye jiwe hili, na yule ambaye atalishusha neno hata moja mjini asije tena kuteka maji. Hakuna aliyelishusha. Gome lilikuwa limevimba na kuota ukungu, hakuna mnunuzi ambaye angeligusa. Wanaume waliyatoa magunia yote matatu wakayamwaga mbali na nyufa, na mimi niliwaonyesha ni wapi.

Tulishuka nyuma ya wengine, baba na mimi. Nilimkasirikia mpaka nikashindwa kumtazama, na nilijikasirikia mwenyewe kwa ule mdomo wangu, na, nisidanganye, bado nilikuwa na ile furaha, haikutoka, ilikuwa inanitekenya mbavuni. Tulipofika kwenye ukuta wa barabara baba alisimama. Alitia kidole kwenye ule ufa unaolia.

"Siku ile nilionja, nilijua ni gome yetu," alisema. "Lakini nilishindwa kuelewa imepita wapi. Usiku bote niko nawaza, imepita wapi? Nilikuwa nataka kukuuliza wewe. Ni wewe tu ungeweza kunielezea, na ni wewe nilikuwa naogopa."

Nilimweleza. Nilimwonyesha jinsi nyufa zilivyolala, na jinsi lile jiwe jeupe linavyozifuata, na kwa nini chemchemi ya pili ni tamu. Alisikiliza kama mwanafunzi, akauliza maswali mazuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa tangu hapo, na katikati ya swali moja nililia, naye akaningoja nimalize.

Sikurudi Lubero. Barabara ilipofunguka hapakuwa na kitu cha kunirudisha, na mwaka uliofuata niliolewa. Nilimwambia baba kwamba sijutii, na mara nyingi ilikuwa kweli.

Nilidhani magunia yakiondolewa maji yatakuwa matamu kesho yake. Hayakuwa. Ufa mkubwa unaleta haraka, lakini pembeni yake kuna vijiufa vidogo visivyohesabika ambavyo vinashika vilichopewa na kukiachia kidogo kidogo. Tulikunywa uchungu wa baba yangu kwa wiki nyingi, nyumba zote za mteremko. Na kila asubuhi baba alikwenda mwenyewe kuteka maji, mwanamume mzima kwenye foleni ya wanawake, akaonja mbele yao, akajaza ndoo yake. Jirani yetu wa Beni alikuwepo kwenye foleni hiyo hiyo. Aliwasalimia wote, alinisalimia mimi kwa upendo, alimsalimia hata kapita. Kwa baba alipita bila salamu, naye baba hakumlazimisha.

Halafu asubuhi moja ya jua, mvua zikiwa karibu kukatika, zamu ya jirani yetu ya kuteka ilifika kabla ya yetu. Alikinga kikombe cha bati, akanywa kidogo, akatulia kama siku ile ya kwanza. Akanywa tena. Kisha akakijaza kikombe mpaka juu, akatoka kwenye mstari, akapita wanawake wote mpaka nyuma tulikokuwa, akamnyooshea baba.

"Kunywa, muzee," alisema. "Imeisha."

Baba aliweka ndoo chini. Alikunywa yote polepole, akasema "wasingya", ndiyo shukrani ya kwetu, akamrudishia kikombe kwa mikono miwili.